UZI: Rabai si "hapo Mazeras". Ni mji uliojazwa na waliotoroka Mombasa

MTORO WA MAJENGO

Asalaam aleikum wenyewe, na wa salamu nyingine pia hamjambo.

Juzi nilikuwa arusini Kuze. Tumekaa barazani twangoja sinia la pilau, mzee mmoja akaniuliza siku hizi nakaa wapi. Rabai, nikamwambia. "Ah, hapo Mazeras." Nikasema la, Mazeras ni barabarani, Rabai ni juu huko. Akanitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona. Kijana wa pembeni akadakia: kuna stima huko?

Stima ipo. Maji ndiyo hadithi nyingine, tutafika.

Huu ni mwaka wangu wa nne Rabai. Nimezaliwa na kukulia Majengo, katika nyumba aliyojenga marehemu baba. Nasema nyumba, sisemi ardhi. Kwa ndugu zetu wa bara wasioelewa: Mombasa mtu aweza kumiliki kuta, milango na bati, lakini mchanga ulio chini si wake. Kila mwezi walipa kodi ya ardhi, na siku mwenye ardhi akiuza, wewe na bati lako mtajua pa kwenda. Yetu iliuzwa. Tulipewa miezi mitatu. Mama aling'oa mlango wa mbele, ule wa mninga, akasema huo hauachi kwa mtu. Sasa uko Rabai, umefungwa kwenye nyumba ya vyumba viwili isiyoufaa hata kidogo, kama kilemba kwa mtoto.

Kwa hivyo jina langu hapa si mzaha. Mimi ni mtoro. Na kadiri nilivyouliza wazee wa huku, nimeona kwamba si wa kwanza. Mji huu, zama baada ya zama, umejazwa na watu waliotoka Mombasa mbio. Hilo ndilo nataka tulizungumze. Nitaandika kwa mafungu maana kioo cha simu kimepasuka na herufi "r" yabonyezwa mara mbili.

KIJANA WA TUDOR

Nauli hadi tauni ngapi? Na ploti ya 50 kwa 100 yaenda ngapi? Historia baadaye.

MTORO WA MAJENGO

Tulia kijana. Kwanza ujue mahali penyewe.

Wengi mwaijua Rabai kupitia dirisha la basi la Nairobi, yaani hamuijui. Ukivuka Makupa wapita Changamwe, Mikindani, Miritini, Bonje. Gari limeshaanza kupanda lakini kwa upole, abiria hahisi. Lori lenye kontena lahisi, ndiyo maana ya ile foleni. Mazeras ndio ukingo. Pale wachepuka kulia kushika barabara ya Kaloleni, na boda boda haichukui muda kukufikisha kwenye mgongo wa vilima. Pote hapo, tangu kisiwani, ni kilomita 20 na kitu. Kuna watu wa Mtwapa na Kisauni walalao kwenye foleni muda mrefu kuliko safari yangu.

Huo mgongo ndio kila kitu. Upande unaotazama bahari mvua ya masika yapiga sawasawa, minazi imesimama hadi mabondeni, na chini yake mihogo, mikorosho na mahindi ya kujitahidi. Ukigeuka kuelekea Mariakani, minazi yapungua mmoja mmoja, kisha ghafla huuoni tena. Ni miiba, mibuyu na vumbi, ndiyo mwanzo wa nyika inayokwenda hadi Taru. Kwa hivyo Rabai imekaa mpakani mwa nchi mbili, ya nazi na ya ng'ombe, na watu wake tangu zamani walipeleka vya huku kule na kuleta vya kule huku.

Mipaka ya serikali ndiyo ya kuchekesha zaidi. Rabai ni kaunti ya Kilifi, ijapokuwa mtu wa Rabai akisema "nashuka mjini" hamaanishi Kilifi hata siku moja, amaanisha Mombasa. Na pale Mazeras ukivuka barabara kuu umeingia Kwale. Kuna mama auza viazi karai upande wa Kilifi, na mwanawe auza mitungi ya maji upande wa Kwale. Wanaonana, wanaitana, wana magavana wawili.

MWANAMVITA

Kaka, maelezo matamu, lakini neno "mji" umelichukua wapi? Mji una soko, una msikiti wa Ijumaa, una watu wakijuana kwa ukoo na mtaa. Rabai ni kijiji chenye kanisa la zamani. Tusipandishane vyeo.

MJOMVU KUU

Wanangu, mwaanza na barabara kwa sababu mmezaliwa mkaikuta. Barabara ya Rabai ilikuwa maji.

Hori la Tudor mnaloliona kisiwani halikomei hapo. Laingia bara, lapita Jomvu Kuu kwetu kwenye mikoko, hadi pale mito ya Kombeni na Tsalu inapomwaga. Mtu wa Mombasa mwenye shughuli Rabai alingoja maji yajae, akapanda mashua, akachukuliwa taratibu hadi mwisho wa hori. Hapo alishuka akapanda kilima kwa miguu. Kurudi alingoja maji kupwa yamshushe. Ukichelewa maji, umelala kwenye matope na mbu. Hapakuwa na mwenye kuuliza nauli ngapi.

Na sisi Wajomvu tulikuwa mlangoni. Mwajua Mombasa ni Thenashara Taifa: matatu ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe; tisa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wagunya. Mijikenda nao ni tisa: Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Wakauma, Wagiriama, Waduruma na Wadigo. Kila taifa la mjini lilikuwa na watu wake wa kilimani wa kuuziana na kusaidiana wakati wa vita. Sisi jirani zetu ni Warabai. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitaja nazi na mahindi kushuka, chumvi na ng'onda, yaani samaki wakavu, kupanda. Mpaka leo Mrabai akija msibani Jomvu haketi kama mgeni.

Kwa hivyo binti Mwanamvita, kabla hujawaita kijiji, muulize bibi yako chakula cha Mji wa Kale kilitoka wapi.

MWANAMVITA

Haya baba, nimekaa chini. Shikamoo.

MRABAI ASILI

Ndugu Mtoro, karibu kwetu, umeshakaribia hata hivyo. Lakini wasimulia kama kwamba mlikuta pori.

Mji wa Rabai wa kwanza haukuwa kanisani wala Mazeras. Ulikuwa kaya, ndani ya msitu. Mpaka leo misitu ipo: Mudzi Muvya, Bomu, Fimboni. Kaya ilikuwa mji hasa, dada Mwanamvita, wenye milango ya kupitia, makaburi, uwanja wa wazee wa kuamulia mambo, na fingo lililozikwa kulinda watu. Neno lenyewe la Mijikenda ni hilo hilo, miji tisa. Kabla ya kulikubali jina hilo, miaka ya 1940, nyie wa mjini mlikuwa mwatuita Wanyika, watu wa porini. Nataja tu, sina kinyongo.

Katika karne ya 19 watu walianza kutoka kaya wakaenda kujenga mashambani, kila mtu karibu na minazi yake. Msitu ukabaki na wazee na makaburi. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya za Mijikenda katika urithi wa dunia, misitu 10 iliyotawanyika kama kilomita 200 za Pwani, na ya Rabai imo. Huingii bila wazee, hukati hata ufito. Kuna jamaa wa mjini alikuja na panga kutafuta nguzo za banda la kuku. Aliondoka bila nguzo na bila panga.

Na asili yetu? Wengi wa Mijikenda husema Singwaya, huko kaskazini, tulikokimbia Wagala. Lakini Rabai kuna wazee husema baadhi yetu tulitoka Rombo, upande wa Kilimanjaro. Ukitaka ugomvi penye kunywewa mnazi, anzisha hiyo.

MTORO WA MAJENGO

Mwalimu (najua wewe ni mwalimu, waandika kama ubaoni), nakubali kosa. Lakini umenisaidia hoja! Hata nyinyi, kwa hadithi ya Singwaya, mlifika mkikimbia. Nilichosema ni kwamba baadaye kilima kiliendelea kupokea wakimbiao, na safari hii walitoka chini, Mombasa.

Wa kwanza wa kuandikwa alikuja na msiba. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Wamisheni wa Kiingereza, alifika Mombasa 1844. Julai mwaka ule ule mkewe Rosine akafa kwa homa, na kitoto chao kichanga kikafuata. Kaburi liko Nyali, wengi mmepita karibu nalo mkienda kubarizi. 1846 akaja mwenzake Johannes Rebmann, na wawili hao, wote wagonjwa, wakapanda Rabai. Krapf alisafiri juu ya punda kwa sababu miguu haikumbeba. Barua zake zapataja mahali "Rabbai Mpia". Someni hilo tena: Rabai Mpya. Ndiyo Mudzi Muvya ya mwalimu! Wazee wa kaya ndio waliowaruhusu kukaa.

Kutoka hapo, Rebmann alienda hadi kuiona theluji ya Kilimanjaro, Mei 1848. Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani, Desemba 1849. Ulaya wataalamu waliokaa vitini walicheka: theluji, kwenye jua la Afrika? Kisha akaja wa tatu, Jakob Erhardt. Yeye aliwasikiliza wafanyabiashara wa misafara, akachora ramani yenye ziwa moja kubwa lililojikunja kama konokono aliyetoka kombeni mwake. Ramani ilikuwa na makosa, maana aliunganisha maziwa matatu kuwa moja, lakini ndiyo iliyowawasha wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke. Burton alipanda Rabai kumwona Rebmann Januari 1857.

Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi kwao. Alihamia Kisurutini, pale penye kanisa sasa, akaandika maneno ya Kirabai, akaandika hata kamusi ya lugha ya Nyasa kwa kumsikiliza mtumwa mmoja aitwaye Salimini aliyeletwa Pwani. Waliobatizwa wakati wake wahesabika vidoleni. Wa kwanza alikuwa Mringe, kilema mgonjwa aliyebatizwa akikaribia kufa. Mwishowe Rebmann alipofuka. 1875 alirudishwa Ujerumani akishikwa mkono, na mwaka uliofuata akafa.

MWANAMVITA

Sasa ndugu yangu, historia ya Rabai ni Wajerumani watatu na punda?

Na huyo Krapf Kiswahili alikisomea hapa mjini, kwa masheikh wa hapa hapa. Kamusi yake iliyotoka 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshakufa mwaka mmoja, imejaa Kimvita. Alipanda kilimani na maneno yetu kwenye mkoba.

MTORO WA MAJENGO

Kweli kabisa, na hilo la Kimvita nakupa bila ubishi. Kwa hivyo tuwaache Wajerumani. Niliwataja ili nifike kwa wenye mji, wale ninaowaita watoro wenzangu.

1873 Sultan Barghash wa Zanzibar alilazimishwa kutia saini kufunga biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zikawa zakamata majahazi, na walioopolewa humo walihitaji pa kuwekwa. 1875 Misheni ikafungua Frere Town, Kisauni. Kengele yake ndiyo iliyoleta jina Kengeleni, mnashukia hapo kila siku. Hao wa Frere Town walikuwa huru kwa karatasi, waliopolewa baharini kwa sheria.

Lakini utumwa wenyewe mashambani haukuwa umefungwa. Mtumwa wa shamba la Mombasa, Mtwapa au Takaungu alikuwa bado mali ya mtu. Akisikia kwamba kuna watu kama yeye waishio kilimani na kulima chao, alitoka usiku. Hakwenda Frere Town, mashua ya bwana wake yafika pale kwa dakika. Alipanda juu. Wengine Fuladoyo huko Giriama, wengi Rabai.

Na aliyewapokea Rabai hakuwa Mzungu. Alikuwa William Jones, mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa akiwa mtoto, akasomeshwa India, akarudi Pwani pamoja na wale walioitwa Wabombay. Ndiye aliyefuatana na Askofu Hannington safari ya Uganda. Askofu alipouawa Busoga Oktoba 1885, Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia hadi Rabai, mapema 1886. Kisha akarudi kwenye kazi yake ya kawaida: kupokea wagongao mlango usiku. Sheria ilisema awarudishe. Hakuwarudisha. Wakubwa wake wa Misheni walijifanya hawajui idadi.

1888 mambo yakaiva. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki imefika Mombasa, yataka kupita bara kwa amani, na wenye watumwa wako tayari kupanda Rabai na bunduki. Mwakilishi wa Kampuni, George Mackenzie, akaenda kuhesabu. Walipatikana zaidi ya 1,400 katika vituo vya Misheni, wengi wao wakiwa Rabai. Ikaamuliwa mabwana walipwe fidia, na Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru, mmoja mmoja, jina kwa jina.

Mimi nikisoma hilo nafikiria foleni. Watu elfu na ushei wamepanga mstari kwenye kile kilima kungoja kipande cha karatasi kinachosema wao ni wao. Bwana amelipwa, mtumwa amepewa karatasi. Ardhi hakuna aliyeitaja.

MRABAI ASILI

Ardhi ilitajwa, ila si na hao wa kalamu. Ni wazee wetu waliosema limeni hapa. Mabibi zetu wengine waliolewa nao, wengine walikataa, na hadi leo kuna koo zinazojulikana kwa kunong'ona kwamba "hawa ni wa Misheni". Mimi mwenyewe nyanya mzaa mama ni wa Misheni na babu mzaa baba ni wa kaya. Nikienda kaya navua viatu, nikienda kanisani navaa. Sioni taabu.

KIJANA WA TUDOR

Hii ya Jones mbona shuleni hatukufundishwa? Sisi tulifundishwa Krapf na Rebmann tu, na theluji.

Na bado hujasema ploti ngapi.

MWANAMVITA

Nimenyamaza nimesoma yote. Familia yetu ilikuwa na shamba Kisauni zamani. Sitaki kuuliza walikuwa wakililima kina nani, maana jibu nalijua. Endelea kaka.

MTORO WA MAJENGO

Ahsante dada. Haya, idadi, kwa wapendao hesabu.

Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ndogo ya Rabai na watu 120,813. Hao si wa kituo cha Rabai peke yake, ni pamoja na Ruruma, Mwawesa, na Kambe na Ribe zilizo wadi moja; ukiongeza Rabai Kisurutini ndizo zile wadi nne za eneo bunge lililokatwa kutoka Kaloleni kabla ya uchaguzi wa 2013. Ukienda Ribe, kwa mfano, ni Wamethodisti tangu 1862, wana makaburi yao na majivuno yao.

Linganisha na Mombasa. Kaunti nzima mwaka huo ilikuwa na 1,208,333 katika kilomita za mraba kama 220 hivi: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita 154,171, Changamwe 131,882. Yaani Rabai tuwaitayo kijiji haiko mbali sana na Changamwe kwa watu, ila imetandazwa vilimani.

Nami nasema 120,813 ni ndogo kuliko ukweli. Nusu ya majirani zangu walala Mombasa siku za kazi: Bangladesh, Mikindani, Chaani, chumba kimoja watu wanne. Wahesabiwa huko.

FUNDI TINDO

Samahani naingilia, nami ni mtu wa Rabai. Hiyo sensa ya 2019 ilikuwa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa Jumamosi na tulikuwa na matanga. Jumamosi usiku watu wetu wote wamepanda nyumbani! Kwa hivyo tulihesabiwa huku, na Mombasa ndiyo iliyopunjwa.

MRABAI ASILI

Fundi ana akili. Na sensa ya 2009 ilikuwa Agosti 24 vile vile, lakini Jumatatu. Sasa ukisema Kilifi imekua kutoka 1,109,735 hadi 1,453,787, na Mombasa kutoka 939,370 hadi 1,208,333, yaani asilimia 31 kwa 28 na kitu, je, watu wameongezeka au wamehesabiwa wikendi?

MTORO WA MAJENGO

Nimeshindwa na fundi wa mawe mbele ya watu. Haya.

Kidogo kidogo lakini watu waongezeka, huhitaji karani kuona. Nilipofika, njia ya kwangu ilikuwa na nyumba tatu. Sasa ni kumi na moja, na nane kati yake wenyewe walitoka Majengo, Kisauni, Likoni. Mombasa haina tena pa kujenga ila juu.

KIJANA WA TUDOR

Fundi Tindo, wewe ndiye wa yale mawe ya Mazeras? Ya kutandika sakafu na kuta?

FUNDI TINDO

Ndiyo kazi yangu miaka 17. Nairobi wayasifu, wayalipia, wayaita Mazeras kama ni jina la jiwe. Ni jina letu.

Jiwe lenyewe ni la mchanga uliogandamana zamani sana. Wataalamu wa miamba hata wametumia majina yetu: tabaka la Mazeras, la Mariakani, la Maji ya Chumvi, la Taru. Ukipanda basi la Nairobi wateremka umri wa dunia kituo kwa kituo, kadiri uendavyo mbele ndivyo jiwe lilivyo kuukuu.

Kazi yatakiwa asubuhi. Jiwe likiwa na ubaridi wa usiku lasikia. Walilaza ubavu, watafuta mstari wake, mwembamba kama unywele, weusi kidogo. Waweka ncha ya tindo hapo na kugonga polepole, si kwa nguvu, watembea nao pande zote. Kwa muda ni tak, tak, tak. Halafu sauti yabadilika, yawa ya ndani, kama kugonga nazi koroma. Hapo ukigonga mara moja tena lafunguka lenyewe kurasa mbili. Na ndani, uso ambao jua halijauona tangu liumbwe, mara nyingine una mawimbi madogo kama ufuo maji yakipwa. Wateja wapenda hayo ya mawimbi.

Ukikosea sauti, lapasuka vipande, na hicho ni kifusi. Siku yako imekwenda.

Vumbi ndilo baya. Lakaa kifuani. Hatuna barakoa, twafunga leso, na mwenye malori anunuapo kwetu hutupa bei ya chai. Naona bei wanayouza huko Nairobi kwenye simu, nafunga simu.

MJOMVU KUU

Fundi, umenikumbusha nyumba za Mji wa Kale. Zetu ni za matumbawe na chokaa, jiwe la bahari. Hilo lako ni jiwe la bahari pia ukitazama mawimbi yake, ila bahari ya kabla ya watu.

FUNDI TINDO

Mzee, wengine wasema ni mchanga wa mto. Mimi nayapenda mawimbi tu, sikuyauliza.

MWANAMVITA

Mtoro, uliahidi hadithi ya maji.

MTORO WA MAJENGO

Naam. Fungeni mikanda.

Mwajua Mombasa yanywa maji ya Mzima, yale ya chemchemi za Tsavo wanamooga viboko. Bomba lilimalizwa miaka ya 1950, kilomita kama 220, Voi, Maungu, Mackinnon Road, Samburu, Mariakani, hadi kwenye matangi ya Mazeras, kisha lateremka kwa uzito wake kuja kwenu. Kwa nini matangi yakae Mazeras? Kwa sababu iliyomfanya mtoro akimbilie huku: ni juu. Maji yashuka yenyewe.

Basi maji ya Mombasa yalala kwetu. Yatupita usiku kucha. Na mimi mfereji wangu watoa maji siku moja kwa wiki, wiki nzuri, saa nane za usiku. Siku nyingine hutoa hewa tu, wapiga mluzi kama birika, mita yazunguka kwa hewa hiyo, na bili yaja. Nimekwenda ofisini mara nne. Mara ya mwisho yule kijana wa kaunta aliniuliza kama nina ushahidi kwamba ilikuwa hewa. Nilimwambia nitamletea kwenye chupa.

Siku nyingine zote ni mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni, nao wapanda kilima kwa jasho la mtu, ndiyo maana bei hupanda nao. Mke wangu amejifunza kuoshea vyombo maji ya mchele. Mama, aliyezoea kisima cha Majengo chenye chumvi lakini kisichokauka, husema alitolewa kwenye maji mabaya akaletwa kwenye maji ya kusikia.

Naye ndiye aipendaye Rabai kuliko sisi sote. Jioni huweka kiti mlangoni, mlango wake wa mninga nyuma yake, atazama chini. Taa za meli zilizotia nanga zaonekana siku isiyo na ukungu. Nilimuuliza kama apakumbuka Majengo. Akasema, "Naiona kutoka hapa. Na hapa hakuna wa kunipa miezi mitatu."

KIJANA WA TUDOR

Hiyo hatimiliki umepata kweli lakini? Maana nasikia huko ploti moja huuzwa kwa watu watatu.

MRABAI ASILI

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Kijana, ukitaka kununua usianze kwa dalali wa Mazeras mwenye picha kwenye simu. Njoo kwanza kwa wazee wa ukoo wenye shamba, ukae, uulize ndugu wote ni wangapi na wako wapi. Yule aliyeko Mombasa ambaye hakuulizwa ndiye atakayekuja na panga mwaka wa tatu. Kisha nenda ofisi ya ardhi Kilifi ukatazame mwenyewe. Sehemu nyingi bado ni ardhi ya ukoo, haijagawanywa.

MTORO WA MAJENGO

Mimi nilikaa na wazee siku tatu nikinywa uji na wao wakinywa mnazi. Ndugu walikuwa saba, mmoja yuko Tanga, tukangoja aje. Hati ilichukua miaka miwili. Ninayo, mama ameilaza chini ya godoro na ameniambia hata akifa nisiisogeze mpaka arobaini.

Kijana, bei nitakutumia faraghani, hapa madalali wanasoma.

Dada Mwanamvita, Jumapili kama una nafasi njoo na watoto. Kanisa la zamani sasa ni makumbusho, lipo chini ya Makumbusho ya Taifa, waone kwa macho. Mwalimu aweza kuwapeleka hadi ukingoni mwa msitu. Mama atapika muhogo wa nazi.

MWANAMVITA

Nitakuja inshallah. Nilete nini?

MTORO WA MAJENGO

Samaki. Na mitungi mitupu ukiwa na gari, nitakueleza kwa nini.

Subiri kwanza. Mfereji umeanza kukohoa. Ni saa nane kasorobo na hii si hewa, naisikia ndooni. Nakuja.